Jiwe Lako la Got Rateng'

Akoth mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga nyanya yako, Dani, na najua nyinyi wawili hamtaachana upesi, kwa hiyo nina kama saa tatu za kukaa na kalamu hii kabla hujarudi. Kesho utakuwa njiani kwenda chuo cha uuguzi Meru, na mimi nitakuwa nimesimama mbele ya darasa la sita nikifundisha hesabu za sehemu na kujifanya sina lolote moyoni. Habari za blanketi, sabuni na nani atakupokea Nairobi sitaziandika. Baba yako amekwambia mara nne, na leo asubuhi nilimsikia akianza mara ya tano.

Mimi nina neno moja tu, na ni zito. Kuna siku uliambiwa kwamba ulifanya kosa kule juu Got Rateng', na umelibeba kosa hilo miaka tisa. Halikuwa lako. Nataka ulijue kabla hujaondoka. Lakini nikilitoa hivi hivi bila kichwa wala miguu, utaniuliza ilikuwaje, na utakuwa na haki. Basi niache nianze nilikoanzia mimi mwenyewe na mlima ule.

Baba yako alinipata Ogwedhi, kwetu Ukuria, siku ya mnada, alipokuja kununua mitamba kwa babu yako. Nilipoletwa hapa sikujua Kijaluo hata cha kuombea maji. Ndiyo maana mimi na wewe mpaka leo tunaongea Kiswahili, na Dani husema nyumba yetu imekuwa kama ofisi ya chifu. Asubuhi yangu ya kwanza nilifungua mlango, na mlima ulikuwa pale mbele yangu, mweusi kweli kweli kama jina lake, kwa sababu mvua ilikuwa imeuosha, na kwenye miamba yake kulikuwa na michirizi myeupe inayoteremka toka juu. Nikasimama na ufagio mkononi hadi uji ukaungua. Ndivyo nilivyoanza ndoa yangu, kwa kuunguza uji.

Nilitaka kujua ile michirizi ni nini. Jirani mmoja aliniambia ni maziwa ambayo mababu humwaga wakiwa wamefurahi. Baba yako akasema ni mkojo wa pimbi. Sikumwamini yeyote, nikapanda mwenyewe siku ya tatu, nikakwaruza na kunusa. Ni mkojo wa pimbi. Niliteremka nikinuka, na Dani alikuwa mlangoni akiningoja. Alinipa maji ya kuoga.

Likizo iliyofuata nilimsumbua baba yako mpaka tukauzunguka mlima wote kwa miguu. Ulitumalizia siku nzima. Upande wa kijiji cha Kawuor waliniambia ule si mlima, ni fahali aliyelala, na siku akiamka tutahama sote. Upande wa Kamolo, kule unakoliona ziwa kwa mbali kama bati jipya, wanasema ni mwanamke aliyechoka kuhama na watu wake akakaa chini, akakataa kuinuka. Nilimuuliza bibi mmoja wa Kamolo huyo mwanamke aliitwa nani, alikuwa ametoka wapi, na kwa nini hawakumbembeleza. Bibi aliniangalia, akasema naonekana nimeshiba vizuri, ndiyo maana nina nafasi ya maswali yote hayo. Baba yako alicheka njia nzima.

Nakwambia haya ili ujue kwamba udadisi ule ambao watu walisema umetoka kwa shetani, ulitoka kwangu. Uliurithi kihalali.

Halafu yapo mapango. Wewe unayakumbuka matatu. La Popo, ambalo tulilipita mbio tukiwa tumefunika pua. La Vyungu, lenye vigae vya watu waliojificha humo enzi za vita vya ng'ombe. Walipigana na nani inategemea unamuuliza nani, na mara nyingi jibu ni watu wa kwetu, kisha wananiomba radhi. Na lile kubwa, Pango la Bala, ambako vijiji vyote hufuata udongo wa chumvi wa kulambisha ng'ombe. Baba yako ameupeleka udongo ule Ogwedhi kwa magunia, na wafugaji wa kule husema ng'ombe akiulamba hasahau njia ya nyumbani.

Desturi ya kuingia Pango la Bala unaijua kuliko mimi. Hapa hawahesabu watu. Hawahesabu ng'ombe wala watoto, kwa sababu ukihesabu unakiita kifo kije kupunguza. Mimi mwalimu wa hesabu niliolewa katika boma ambalo ukiuliza una watoto wangapi, unajibiwa kwamba wapo. Mara ya kwanza nilipokwenda na kina mama kuchimba, nilianza kuwanyooshea kidole mmoja, wawili, watatu, na Dani akanishika mkono.

"Mtu si maharagwe," akasema. "Shika jiwe."

Kila anayeingia anachagua jiwe lake na kuliweka mdomoni mwa pango. Akitoka analiokota kwa mkono wake mwenyewe na kulitupa bondeni. Jiwe likibaki, mtu amebaki, na hakuna anayeteremka. Huokoti jiwe la mwenzio, hata la mumeo, hata la mtoto unayenyonyesha. Huyo unamshikisha kijiwe mkononi. Niliona ni ujanja mzuri sana. Nilimwambia baba yako kwamba watu wenu wanahesabu vizuri kuliko sisi, ila hawataki tu kukiri.

Sasa nafika kwenye ile siku.

Ilikuwa Agosti, mwaka wa tisini, na wewe ulikuwa na miaka minane. Ilikuwa Jumapili, kwa sababu Jumamosi ni Sabato na hakuna aliyechimba. Baba yako alikuwa Ogwedhi. Tulipanda na Dani, na kina mama wa boma, na nyinyi watoto ambao kazi yenu ilikuwa kubeba vikapu vidogo na kutupigia kelele. Uliweka jiwe lako, jeupe, ulilolichagua kwa muda mrefu hadi Dani akakuambia si kitambaa cha harusi. Nilicheka, lakini lilinichoma. Wakati ule kila alilosema juu yako nililisikia kama anasema juu yangu. Mtoto akisahau kusalimia, ni damu ya Ukuria. Akiuliza sana, ni mamake. Huenda Dani hakuwa akisema hivyo hata nusu. Mimi ndivyo nilivyosikia.

Saa tisa hivi ngurumo zikaanza, na Dani akasema tutoke kabla njia haijawa mto. Mnakumbuka nyinyi watoto mlivyotoka, kama mbuzi zizi likifunguliwa. Mawe yakaokotwa na kutupwa kwa haraka, mimi nikiwa wa nyuma kwa sababu kikapu changu kilikatika mkanda. Nilipofika mdomoni yalikuwa yamebaki mawe mawili. Langu, na lako jeupe.

Akoth, nitakuandikia nilichofikiri, neno kwa neno, maana nimekirudia mara nyingi mno. Nilifikiri: ameruka na wenzake akasahau tena. Nikamwona Dani pale chini ya njia ameanza kugeuka kuangalia. Nikafikiri: sasa atasema mtoto wa mwalimu hana adabu ya mlima. Ingekuwa kazi ndogo kuita jina lako mara moja kuelekea ndani. Badala yake nikainama, nikaokota yote mawili, nikayatupa. Dani akaona mdomo wa pango ni mtupu, akaendelea kuteremka. Mvua ikatupiga hadi nyumbani.

Ulikuwa ndani.

Tulipofika na kukukosa, kila mtu alikuwa na neno lake, lakini hakuna aliyesema pango. Mawe yalikuwa yameisha. Kwa watu wa hapa hilo lilimaliza mjadala: pangoni hakuna mtu. Kwa hiyo walikwenda mtoni. Walidhani umeteleza mahali pa kuvukia, na mto ulikuwa umejaa, mwekundu, unabeba miti. Wanaume walikata fito ndefu wakaanza kuchokoa chini ya maji kando kando, na Dani alikuwa ameingia kwenye maji hadi kiunoni, mwanamke wa umri ule, akikuita jina.

Na mimi nilisimama ukingoni nikijua. Sitaki kusema nilichanganyikiwa. Nilijua tangu nilipovuka kizingiti cha nyumba na kukuta hupo. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, "nililiokota mimi," na wote wangegeuka kupanda mlima. Sikuyasema. Nilingoja, nikitumaini utatokea kwa jirani ukiwa umelowa na kila kitu kiishe bila mtu kujua. Sijui ilikuwa saa moja au zaidi. Mtu mwenye aibu anaweza kufanya mambo ambayo mwenye chuki hafanyi, na hili nimelijua kwa nafsi yangu.

Mwishowe nikakimbia peke yangu. Jua lilikuwa bado halijatua nilipofika juu, nikikwea kwa mikono na miguu. Ulikuwa umekaa mdomoni mwa pango, umekumbatia magoti, hulii. Ulianza kunieleza haraka haraka, kama mtu aliyetoka safari. Ukasema mbayuwayu walipita juu ya kichwa chako wakaingia nyuma ya pango, ukashangaa wanakwenda wapi, ukawafuata. Ukasema kuna ufa ambao mtoto anapita kiubavu, na nyuma yake kuna chumba chenye tundu juu linaloleta mwanga, na chini kwenye jiwe kuna mashimo ya bao, safu mbili, nane na nane. Ukasema uliporudi watu walikuwa wameondoka. Halafu ukaacha kueleza.

"Niliona jiwe langu halipo," ukasema. "Nikajua hamtarudi."

Nilikubeba mgongoni ingawa ulikuwa mkubwa. Na hapo, katikati ya njia, nikiwa nimekupata mzima, nikiwa na kila sababu ya kumshukuru Mungu na kusema kweli, nilikuwa natunga uongo.

Walipokuja mbio kutupokea, Dani aliuliza jambo moja tu, jiwe la mtoto aliliokota nani. Nikasema uliliokota mwenyewe, ukalitupa, kisha ukarudi ndani kwa siri. Wakaniuliza nilijuaje upo huko. Nikasema moyo wa mama uliniambia. Wanawake wakalia, wakanishika mikono. Miaka mingi baadaye kanisani bado walinitolea mfano, mama Akoth, mama mwenye moyo. Nilikaa kwenye benchi nikizipokea sifa hizo kama zangu.

Wewe ulinitazama usiku ule nilipokuwa nakukausha nywele, ukaniambia kwa sauti ndogo:

"Mama, mimi sikuokota jiwe."

Nami nikakujibu: "Uliokota. Umesahau."

Hilo ndilo kosa langu, Akoth. Kuokota jiwe lilikuwa kosa la haraka, na Mungu anajua watu hukosea wakiharakishwa na mvua. Kunyamaza mtoni lilikuwa la woga. Lakini kukwambia umesahau nililifanya nikiwa nimetulia, na kitambaa mkononi, nikikuangalia usoni. Ulibisha siku moja, ukabisha siku ya pili. Ya tatu ukaniambia labda ulisahau kweli. Nilipumua. Naona aibu kuandika kwamba nilipumua.

Dani akaamua usiingie tena mapangoni na wenzako, kwa sababu mtoto anayedanganya mawe atawapoteza watu wakubwa. Watoto wakakuita Nyar Rogo, binti wa pango. Hukuwahi kunilalamikia. Ila niliona kilichobadilika. Wewe uliyekuwa unauliza kwa nini jogoo hufumba macho akiwika, ukaacha kuuliza. Ukaanza kurudi mlangoni mara mbili kuhakikisha umefunga. Ukijua jibu darasani, na nilikuwa mwalimu wako kwa mwaka mmoja, nililiona, ulikuwa unainua mkono nusu. Mpaka mwaka huu ulipojaza fomu za chuo uliniletea uniangalizie kama umeandika jina lako sawasawa. Jina lako mwenyewe. Nilitoka nikaenda nyuma ya choo nikalia.

Kuna jambo jingine hulijui. Mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule nilirudi Pango la Bala peke yangu. Niliweka jiwe langu, ingawa hakukuwa na wa kuliona. Nilitafuta ule ufa. Nilikuwa mwembamba wakati ule, lakini bado niliacha kifungo cha gauni na ngozi ya bega. Na kila kitu kilikuwa kama ulivyosema. Tundu liko juu, na mwanga unaingia kwa mshazari hadi kwenye jiwe, na mbayuwayu wana viota vyao kule pembeni. Mashimo ya bao ni nane na nane. Niliyapapasa kwa kidole. Ni laini ndani, yametumika sana. Nani alicheza pale? Waliojificha vitani, wakipitisha muda huku watoto wakizibwa midomo? Au wachungaji tu, wavivu, waliokimbia jua? Na kete zao zilikuwa nini? Nimewauliza wazee wa vijiji vyote vitatu, na hakuna anayekijua chumba kile, isipokuwa wanaojifanya. Nadhani kwa miaka mingi tumekijua wawili tu, mwanangu, na mmoja wetu alikuwa ameambiwa anasahau.

Nimekwenda mara sita. Kila mara natoka na swali jipya na nataka kukimbia kukwambia wewe, kwa sababu hakuna mwingine katika boma hili ambaye lingemnyima usingizi. Kisha nakumbuka kwamba siwezi kukwambia nilikwenda bila kukwambia ulisema kweli, na siwezi kukwambia ulisema kweli bila kukwambia mimi ni nani. Uongo mmoja ulininyima rafiki niliyemzaa mwenyewe. Tungeupanda ule mlima pamoja miaka hii yote.

Sina mawaidha mengi ya kukupa. Mtu aliyefanya haya hana mahali pazuri pa kusimama na kutoa mawaidha. Nitasema tu kwamba utakwenda mahali penye wauguzi wakubwa na madaktari, na siku moja kitu kitakwenda vibaya, na mtu mwenye cheo atakutazama usoni na kukwambia wewe ndiye uliyefanya, umesahau. Atasema kwa upole, maana uongo wa namna hiyo huwa mpole. Wewe utajua ulichokifanya. Macho yako ni mazuri, Akoth. Yaliona mashimo kumi na sita kwa mwanga wa tundu moja ukiwa na miaka minane, na hukukosea hata moja. Na siku utakapokuwa wewe ndiye uliyekosea, kwa sababu itakuja, sema ukiwa bado ukingoni. Ukikawia, itakubidi uanze kutafuta wa kumbebesha kosa lako.

Jana nilikwenda kwa Dani. Nilidhani itakuwa rahisi, baada ya miaka yote hii, na yeye amekuwa mzee na amenipenda kwa namna yake. Haikuwa rahisi. Nilimkuta anapeta mtama, nikamweleza kila kitu, la jiwe, la mtoni, hata la sifa za kanisani. Aliacha kupeta. Niliona anakumbuka yale maji, kwa sababu alijishika kiuno. Nikaanza kumwomba msamaha, akainua mkono kunizuia.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mimi sikuachwa pangoni."

Akarudi kwenye mtama wake. Nilipokuwa naondoka akanitaka nimhakikishie kwamba utakwenda kumuona leo, peke yako. Sijui anakwambia nini sasa hivi. Pengine hakwambii kitu, ananiachia mimi. Pengine unalia. Kila mbwa akibweka kule njiani naangalia dirishani.

Baba yako pia nimemwambia, leo alfajiri, wakati wa kukamua. Alimaliza kukamua kwanza. Kisha akauliza kwa nini sikumwambia siku ile ile aliporudi.

Sasa nikwambie la mwisho. Nilipoanza barua hii nilikuwa nimepanga kuiweka chini kabisa ya sanduku lako, chini ya lile shuka jipya, uikute Meru siku ya kufungua mizigo. Nilijiambia ni kwa ajili yako, upate kuisoma kwa utulivu. Nimefika hapa nikaona si kweli. Nilitaka uisome mahali ambapo siwezi kuuona uso wako. Ni woga ule ule, umevaa nguo nyingine.

Basi nitakupa mkononi ukiingia. Utaisomea chumbani, au utaisomea nje, utakapopenda. Sikuombi unisamehe leo, wala kabla ya gari la kesho. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Lakini ukiwa na swali, lolote, hata lile ambalo mtoto hamuulizi mama yake, njoo. Nipo jikoni. Sitakujibu kwamba umesahau.

Mama yako,
Boke